Molasesi kwenye Tairi za Mark

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara ya Kisumu, kabla hujafika mbali, kuna mahali wanaoshea magari, na kando yake kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za lori. Hilo ndilo benchi. Asiye na kazi anakaa hapo, na mwenye kazi anakaa hapo akiikimbia. Shehe ndiye mwenye birika la kahawa ya tangawizi. Si shehe wa msikiti wowote, jina lake ni Osundwa, ila ni mtu wa Mumias na husalimia watu kwa asalaam aleikum, basi jina likamganda. Daktari ni Onesmus wa duka la dawa za mifugo lililo ng'ambo ya barabara, na umtajie ugonjwa wowote, wa ng'ombe au wa mtu, atakuuliza kwanza habari za kinyesi. Redio ni Bravin wa bodaboda, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na Kiwi ni Wandera, kijana anayepaka tairi za magari dawa nyeusi mpaka zing'ae kama viatu vya askari wa gwaride. Jumamosi hiyo stima ilikuwa imepotea, pampu haivuti maji, magari yote ya harusi na ya matanga yamekwenda kuoshwa kwingine, na Wandera alikuwa amekaa mwisho wa benchi, beseni miguuni, akisugua brashi ambayo haikutaka tena kuwa brashi.

Nywele za brashi hiyo zilikuwa zimelala upande mmoja na kugandamana. Pembeni palikuwa na sponji lililokauka likawa gumu kama ukoko wa sufuria ya obusuma, ule ugali wetu, na chupa ya dawa ya tairi iliyosahauliwa wazi mpaka dawa ikajifanyia gamba. Kila mtu pale benchini alikuwa na tiba yake. Daktari alisema brashi ilowekwe kwenye dawa ya kupe. Redio alisema petroli, hakuna kitu kisichoshikwa adabu na petroli. Shehe alisema maji moto na sabuni, na subira, na hapo wakamwambia amimine kahawa.

Wandera aliendelea kusugua. Mikono ilikuwa kwenye beseni lakini moyo ulikuwa kwenye gari la kaka yake, ambalo lilikuwa limeondoka hapo asubuhi.

Maana hivyo vifaa havikuwa vyake hivi hivi. Vilinunuliwa na Mark, kaka yake mkubwa, anayefanya kazi ya magurudumu katika gereji moja kule Eldoret. Mark si mtu wa maneno mengi, lakini siku alipovileta alikaa na mdogo wake jioni nzima akimfundisha kuvitunza. Brashi ya ringi isiguse tairi, na ya tairi isiguse ringi. Ukimaliza gari, osha brashi kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kung'uta, itundike nywele zikitazama chini. Sponji la dawa lifunge kwenye mfuko wake lisile vumbi. Chupa ifunike, iweke kivulini. Wandera aliitikia ndiyo, ndiyo, kaka, nimeshika.

Haya, akafanya nini? Brashi zote mbili aliziacha zimesimama kwa nywele zao ndani ya ndoo moja, usiku na mchana, mpaka zikapinda. Sponji alilitupa juu ya mabati, jua likalipika. Chupa alikuwa akiifungua asubuhi na kuikumbuka jioni. Si kwamba alikuwa mvivu. Alikuwa mtu wa kesho. Kesho nitaziosha vizuri, kesho nitaweka misumari ya kuzitundikia.

Sasa asubuhi hiyo Mark akafika na gari lake, matope mpaka vioo, mama yao kwenye kiti cha nyuma na miguu yake iliyovimba. Alikuwa anampeleka matangani. Alimwambia Wandera kwamba angeweza kuosha gari Eldoret, lakini ameliacha chafu makusudi, tairi zipakwe dawa na ndugu yake. Alisema hivyo akitabasamu, na Mark hatabasamu ovyo.

Hapo ndipo mtu angesema tu: kaka, brashi zimeharibika. Maneno matatu. Wandera aliyatafuta kinywani akayakosa. Badala yake alisugua matope kwa gunia na maji yaliyobaki kwenye pipa, kisha akavuka barabara kwa Daktari akaomba mkebe wa molasesi, ule uji mweusi wa kiwandani unaobaki miwa ikishakamuliwa, ambao watu hulishia ng'ombe. Akautia matone ya sabuni ya vyombo, akaupaka kwenye tairi kwa soksi kuukuu. Zikang'aa. Zikang'aa kuliko dawa yenyewe. Mark alichuchumaa akazitazama, akasema haya, asante ndugu yangu, wakaondoka, mama akipunga mkono dirishani.

Tangu hapo Wandera hakutulia. Aliogopa molasesi itachuruzika, itashika vumbi, Mark atajua. Huo ndio ulikuwa woga wake wote, mpaka Daktari alipouliza kitu cha kawaida kabisa.

— Kwani Mama Mark ameenda matanga ya nani?

— Mzee fulani wa Malinya. Jirani yao wa zamani, kabla mama hajaolewa. Yule aliyekuwanga na fahali wa kupigana.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Mzee wa fahali. Na leo ndiyo wanamzika.

— Leo.

— Kiwi, mzee wa namna hiyo akizikwa, majirani wanaletanga fahali zao zote hapo bomani. Wanakuja na ngoma za isukuti, wanazungushwa uwanja mzima. Na wewe umepaka gari chakula chao.

Wandera aliijua desturi hiyo tangu akiwa mdogo. Ni vile tu hakuwa ameyaweka mambo hayo mawili pamoja. Sasa alipoyaweka, mikono yake ikaacha kusugua.

— Lakini ng'ombe analamba tu, alisema. Atalamba aende.

Daktari alimtazama kwa huruma, kama anavyotazama mtu aliyechelewa kuleta ndama. Akaeleza kwamba ng'ombe wa maziwa ndiye analamba aende. Fahali wa kupigana, asubuhi ya mchezo, mwenyewe humpa molasesi ili apate nguvu, na akishaizoea, harufu ile kwake si harufu ya chakula tena. Ni harufu ya vita. Akiinusa tu, anatafuta wa kupigana naye. Aliyasema haya yote bila kupepesa, na hakuna aliyemuuliza ameyasoma wapi.

— Na hapo hawezi kuwa mmoja, Redio akadakia. Wako kumi, wako ngapi. Huyu anataka hii tairi, yule anataka hii. Gari iko katikati. Mimi nimeona fahali ikiinua boda ya jamaa nzima nzima kwa pembe, na hiyo boda haikuwa imepakwa kitu.

— Mama hawezi kutoka kwa gari haraka, Wandera akasema.

Aliyasema polepole. Wote walimjua Mama Mark. Walijua anavyoshuka garini: mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili, pumzi, na mtu wa kumshika mkono. Walijua pia kwamba kwenye matanga yeye hukaa garini mlango ukiwa wazi, watu wakija kumsalimia huko huko.

Shehe alimimina kahawa, akasema yeye hana wasiwasi na fahali, wasiwasi wake ni polisi. Kwa jua la leo, tairi itapata moto, na molasesi ikipata moto inaanza kuchacha. Pombe ya chang'aa inatengenezwa na nini? Si na hiyo hiyo? Basi askari wa kizuizini atasimamisha gari, atanusa, atasema hapa kuna mtambo. Atamwambia mama ainuke atazame chini ya kiti.

— Mama mlokole, alisema Shehe, ameshikwa na harufu ya chang'aa akienda kumzika mtu. Hiyo aibu ataiosha na nini?

Redio alisema polisi si kitu, kitu ni nyuki. Nyuki wa msituni wanafuata utamu kutoka mbali, na mwaka huu hawana maua. Daktari akarudi na jambo la mpira wenyewe: kwamba mpira unakunywa sukari, unalegea ndani kwa ndani, unabaki na uso mzuri tu, na ukigonga shimo unapasuka. Redio akasema hapana, kabla ya kupasuka vumbi litakuwa limejishika tabaka kwa tabaka mpaka tairi inene, isizunguke tena kwenye nafasi yake, gari lisimame lenyewe katikati ya barabara na lori la miwa liko nyuma.

Unaweza kucheka. Wandera hakucheka hata moja. Mtu mwenye hofu haulizi kama jambo linawezekana, anauliza tu litafika saa ngapi. Kila neno lililosemwa pale lilimwonyesha mama yake: mama na pembe dirishani, mama na askari, mama na nyuki kwenye kitambaa cha kichwa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akatazama mbinguni kama kuna wingu, kwa sababu mvua ingeosha zile tairi, na Kakamega hii ambayo hunyeshewa hata siku isiyoombwa, leo ilikuwa kavu, jua limesimama juu kama limetumwa.

Kisha wakaanza kutafutana nani alileta neno la molasesi. Maana lilizaliwa hapo hapo benchini, siku ya Alhamisi, wakibishana kitu gani kinang'arisha tairi kuliko dawa ya dukani.

— Mimi nilisema inang'aa, alijitetea Daktari. Sikusema ipakwe.

— Na uliiuza ukijua ni ya nini, alisema Shehe.

— Alisema ni ya ng'ombe.

— Ng'ombe gani? Kiwi ana ng'ombe?

— Kwani mimi ninahesabianga watu ng'ombe?

Redio naye akakumbushwa kwamba ndiye aliyesema ana binamu Matungu ambaye anapaka trekta yake molasesi kila Krismasi. Akakubali ana binamu Matungu. Kuhusu trekta akasema alisikia tu.

Wandera aliwasikiliza wakirushiana ile lawama, na akatamani mmoja wao aichukue aende nayo, lakini alijua mwisho itarudi kwake. Si wao walioacha brashi zioze kwenye ndoo.

— Panda boda twende, Redio akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika, haina mzaha. Malinya si mbali. Nikupeleke bure.

— Stima ikirudi? Na mimi ndiye nimeachiwa pampu.

— Nitakuangalizia pampu, alisema Shehe.

— Bosi akija…

Hakumalizia. Redio aliutoa ufunguo mfukoni, akaushika mkononi kidogo, kisha akaurudisha. Wote walikuwa wameelewa. Kufika Malinya ni kufika mbele ya Mark, na Mark atauliza umefuata nini.

Wandera akarudi kwenye beseni akaanza kusugua tena, kwa nguvu sasa, kama kwamba hizo nywele zikinyooka kabla ya saa fulani mambo yote yatakuwa hayajatokea. Zilikuwa zinang'oka, hazinyooki. Alijichukia. Aliwaza kwamba akimpoteza mama kwa sababu ya ndoo na uvivu wa kupiga misumari miwili ukutani, hatakuwa na mahali pa kuweka uso wake duniani.

Wakati huo gari dogo la rangi ya samawati likaingia. Alishuka mwanamke aliyevaa sweta, akasalimia, akasema anaitwa Mwalimu Chepng'etich, amehamishiwa shule moja ya hapa juzi juzi, na anataka gari lioshwe. Wakamwambia stima hakuna. Akasema basi atangoja kidogo, akanunua kahawa, Shehe akampangusia mahali pa kukaa.

Watu wa benchi hawajui kumnyima mgeni hadithi. Daktari akamweleza habari ya fahali, Redio akamweleza ya nyuki, Shehe akaongeza polisi na chang'aa, kila mtu akirekebisha alipokosea mwenzake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza. Alimtazama Wandera, akaitazama ile brashi, akanywa funda la kahawa.

— Pole sana, alisema. Na huyo mama hana simu?

Daktari alikohoa. Shehe akainua birika kuona kama bado lina kitu. Redio, mwenye simu mbili, akazitazama zote mbili kama ndiyo kwanza anaziona.

Anayo. Simu ndogo ya kubonyeza, ameifunga kwenye leso kiunoni, na namba yake Wandera aliijua kwa moyo kuliko namba ya kitambulisho chake. Simu ya Wandera nayo ilikuwa mfukoni mwake asubuhi yote. Lakini kumpigia ni kumwambia toka garini, na kumwambia toka garini ni kumwambia kwa nini.

— Piga, alisema mwalimu, taratibu, kama anamwambia mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Mikono ya Wandera ilikuwa na povu mpaka viwiko, basi akataja namba, Redio akaipiga kwa simu yake moja, akaiweka kwa sauti ya nje, akaishika mbele ya mdomo wa Wandera. Ikalia. Ikalia tena. Ilipopokelewa, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa ni ngoma, isukuti na filimbi na watu wakiimba, na nyuma yao, wazi kabisa, fahali aliyenguruma.

— Haloo, ni nani? Ongea kwa nguvu, kuna kelele.

— Mama, ni mimi. Uko wapi?

— Niko kwa gari. Na miguu hii nitakuwa wapi?

— Fahali wamefika?

— Wamejaa hapa. Mzee wa watu ameheshimiwa.

— Wako karibu na gari?

— Wanapita. Mmoja hata amenipulizia pua yake hapa mlangoni. Wanapita tu, wanaenda zao. Kwa nini?

Daktari akatikisa kichwa, akanong'ona kwamba haiwezekani. Mwalimu akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha.

— Mama, Wandera akasema, akajipangusa povu kwenye suruali. Mama, kuna kitu nilipaka kwa tairi.

— Molasesi. Najua.

Redio akaongeza sauti ya simu.

— Mark aliisikia harufu hapo hapo kwenu, mama akaendelea. Mtu ameshinda na tairi miaka yote hiyo, wewe ulifikiri hatajua? Tulipofika kwa kile kijito cha chini akasimamisha gari. Akavua koti lake la matanga, akanipa nilishike. Akachota maji na debe, akaziosha zote, moja moja, mpaka suruali ikawa matope. Nikamwambia turudi nikamgombeze huyo mtoto, akasema hapana. Ameniambia nisikwambie hata kama utauliza. Sasa nimekwambia.

Afueni na aibu vilimjia Wandera kwa pamoja. Mama yake alikuwa salama. Alikuwa salama tangu asubuhi, na aliyemwokoa ni yule yule ambaye Wandera alikuwa akimkimbia.

— Lakini kuna kitu, mama alisema, na sasa alikuwa ameshusha sauti, wakalazimika kuinama wote kwenye simu. Njia nzima ameniuliza neno moja na mimi sina jibu. Aliziona hizo brashi kwa ndoo. Ananiuliza, Mama, kwani mimi niko mkali aje, mpaka ndugu yangu ashindwe kuniambia brashi zimeharibika? Wewe nijibu. Nimwambie nini?

Hawa ndio watu waliokuwa na jibu la fahali, na la nyuki, na la polisi, na la mpira unaokunywa sukari. Daktari alitazama ng'ambo ya barabara kwenye duka lake. Shehe alishika birika tu. Redio aliendelea kuinyoosha ile simu.

— Wandera? Uko hapo?

— Niko, Mama. Mpe simu.

Kukawa na mkwaruzo, mlango wa gari, sauti ya mama ikiita jina, ngoma ikasogea kisha ikawa mbali. Halafu mtu akapumua upande wa pili.

— Haloo.

— Mark, Wandera akasema. Brashi zimeharibika. Nimeziharibu mimi.

Upande wa pili ngoma zilisikika kwa mbali.

— Nywele zimelala, Mark akauliza, ama zimekatika?

Wandera akainama, akaitoa ile brashi kwenye beseni, akaikung'uta maji, akaigeuza kwenye mwanga ili aitazame vizuri kabla ya kumjibu.